Mrejesho: bangili za uzi hazilegei tena

Assalaam aleikum. Mtakumbuka niliwauliza kwa nini bangili na vidani vyangu, vile vya kupanua na kubana kwa mafundo, vinalegea vyenyewe. Mlinijibu mambo mawili: uzi wa nailoni ninaoutumia unateleza, na kuuzungusha mara moja tu kwenye fundo hakutoshi.

Nimebadilisha vyote. Sasa natumia uzi wa pamba uliopakwa nta. Kila ncha naizungusha mara tatu kwenye uzi wa upande wa pili, halafu naipitisha ndani ya mizunguko ile na kukaza polepole. Yanakuwa mafundo mawili, kila moja limekumbatia uzi wa mwenziwe. Ukiyakaribisha, bangili inapanuka; ukiyatenganisha, inabana. Ami yangu, mvuvi wa hapa Shela, alipoyaona akasema wao huungia mishipi fundo hilohilo. Nilifurahi mno!

Kosa moja lilikuwa langu: nilikata ncha fupi sana, bangili mbili zikafunguka. Siku hizi naacha kama nusu sentimita.

Kidani cha kifuu cha nazi nimemvisha bibi tangu Ijumaa. Anatia udhu nacho, na hakijalegea hata kidogo. Ahsanteni sana.