Naomba ushauri: maandishi yangu yanayotembea kwenye Commodore 64 yanakatika na kurukaruka

Kitufe (mleta uzi)

Habari zenu ndugu wanajukwaa, na kwa mliotutangulia, shikamooni.

Kwa majuma mawili sasa nimekuwa nikitumia programu moja ya zamani ya kompyuta ya Commodore 64, iliyoundwa kwa ajili ya kubuni maandishi yanayotembea kwenye skrini kutoka kulia kwenda kushoto, nami ninaiendesha ndani ya VICE (programu inayoiga mashine hiyo kwenye kompyuta ya leo) katika mfumo wa televisheni wa PAL. Kuizoea si kazi kubwa: unaandika maneno yako, unachagua fonti, unaweka mwendo, unapanga wimbi ambalo herufi zitalifuata, na mwishowe unapata faili linaloweza kujiendesha lenyewe. Haikuja na maelezo yoyote, na faili la msaada lililokuwamo kwenye disketi halifunguki.

Nina matatizo matatu. La kwanza, maandishi yangu yana herufi zipatazo 2,400, lakini hayajawahi kufika mwisho hata mara moja. Yanakatika katikati ya sentensi na kuanza upya. La pili, ninapoongeza kimo cha wimbi, miguu ya herufi inatoweka na kuonekana ikielea juu kabisa ya safu wima ya jirani, kana kwamba herufi imekatwa kwa mkasi. La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: bila wimbi maandishi yanateleza vizuri, ila nikiwasha wimbi yanateleza kidogo, yanaruka, yanateleza tena, yanaruka tena. Nimeanza kufikiri kwamba programu yenyewe ni mbovu, na ndiyo maana naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla sijaiacha.

Nukta

Ndugu Kitufe, kuhusu tatizo la kwanza nadhani umegonga ukomo wa 256. Prosesa ya mashine ile ni ya biti 8, na rejista zake (vihifadhi vidogo vya namba) za X na Y haziwezi kuhesabu kupita 255; programu inayosoma maandishi kwa kutegemea rejista hiyo peke yake hurudi sifuri inapofika hapo, bila taarifa yoyote.

Hata likitatuliwa hilo, herufi 2,400 ni nyingi mno. PAL hutoa fremu (picha kamili za skrini) 50 kwa sekunde, na herufi ina upana wa pikseli 8, kwa hiyo kwa mwendo wa pikseli 1 kwa kila fremu herufi mpya huingia kila baada ya sekunde 0.16. Msomaji wako atakaa dakika 6 na sekunde 24 akisubiri umalize salamu. Kwa pikseli 2 muda huo unakuwa nusu na macho bado yanasoma bila taabu. Pikseli 4 sikushauri, kwa sababu herufi itavuka skrini yote yenye pikseli 320 ndani ya sekunde 1.6.

Kitufe

Asante sana, Nukta. Nimekaa nikahesabu herufi moja moja kwa kidole: maandishi yanakatika baada ya herufi ya 611, palepale kila mara, hata nikibadilisha fonti au mwendo. Ni katikati ya anwani yangu ya barua pepe, ambayo jina langu linatokea ila sehemu iliyobaki haionekani.

Mzee wa Disketi

Marahaba, Kitufe. Umejijibu mwenyewe bila kujua. Dhana ya Nukta ilikuwa na mantiki, lakini 611 haiendani nayo.

Namba zinazowekwa kwenye kumbukumbu ya skrini ya Commodore 64 si zilezile zinazotoka kwenye kibodi. Kwenye skrini A ni 1, B ni 2, hadi Z ambayo ni 26, na sifuri imepewa alama ya @. Sasa, mwandishi wa programu anahitaji namba fulani ya kumwambia kwamba maandishi yamekwisha, na sifuri humvutia kwa kuwa haina gharama: prosesa inapopakia baiti (namba moja ya 0 hadi 255) yenye sifuri, huinua bendera yake ya sifuri, yaani alama yake ya ndani, papo hapo, hivyo hakuna haja ya amri nyingine ya kulinganisha. Kwa macho ya programu yako, kila @ ni nukta ya mwisho kabisa. Fungua kihariri cha fonti, chora umbo la @ kwenye nafasi ya alama ya pauni, ambayo nina hakika huitumii, kisha andika anwani yako kwa alama hiyo ya pauni.

La pili linahitaji maelezo marefu kidogo. Katika hali ya maandishi, chipu ya picha ya VIC-II huweka kila herufi ndani ya kisanduku chake cha pikseli 8 kwa 8, na haina njia ya kuinua herufi moja pikseli tatu huku ikiiacha jirani yake ilipo. Wimbi ambalo kila herufi hupanda na kushuka peke yake, ambalo watengenezaji wa demo (programu za maonyesho) huliita DYCP, ni hila. Chukua mfano wa eneo lenye kimo cha visanduku vinne: vinapangwa ili baiti za kila safu ziwe 32 zinazofuatana kwenye kumbukumbu, na katika kila fremu programu hufuta herufi ilipokuwa na kuinakili upya, baiti 8, kwenye kimo kinachosomwa kwenye jedwali la saini. (Ni saini ya hesabu za pembetatu, si ile ya kutia chini ya barua.) Herufi ya baiti 8 ndani ya safu ya baiti 32 ina nafasi ya kushuka 24 tu. Ukiipeleka 25, baiti yake ya mwisho inaangukia baiti ya kwanza ya safu inayofuata, yaani juu kabisa kwa jirani. Umeweka kitovu (katikati ya wimbi) na kimo (umbali wa kupanda na kushuka kutoka hapo) gani?

Kuhusu kuruka, hesabu fremu kati ya mruko na mruko. Zikiwa 8 kwa mwendo wa pikseli 1, chanzo ni hiki: kila baada ya pikseli 8 herufi huhamia safu ya kushoto, lakini wimbi limefungwa kwenye safu, wala si kwenye herufi, kwa hiyo herufi inachukua ghafla kimo cha safu mpya. Dawa yake ni kusogeza mwanzo wa wimbi kwa hatua moja kila herufi zinapohama. Angalia kama kuna sehemu ya kuandika nyongeza hiyo.

Kitufe

Mzee wangu, alama ya pauni imefanya kazi na maandishi yamefika mwisho kwa mara ya kwanza. Kitovu kilikuwa 16 na kimo 16, kwa hiyo herufi zilikuwa zikishuka hadi 32, yaani herufi nzima ilikuwa ikihamia kwa jirani. Nimeweka 12 na 12, na sasa zinapanda hadi 0 na kushuka hadi 24 bila kupotea.

Fremu kati ya mruko na mruko ni 8 kamili. Sehemu ya nyongeza nimeiona, ilikuwa na 0. Hatua yangu ya wimbi, yaani namba ambayo wimbi husogea kati ya herufi na herufi, ni 6, nikaandika 6, na mruko ukawa mkubwa mara mbili. Kwa hasira nikajaribu namba nyingine ovyo ovyo, na nilipofika 250 wimbi likatulia kama maji. Sielewi kwa nini.

Nukta

Hapo naweza kujibu kwa uhakika. Programu yako inatoa namba hiyo badala ya kuijumlisha, ndiyo maana 6 iliongeza kosa hadi 12. Ndani ya baiti moja hesabu huzunguka kwenye 256, kwa hiyo kutoa 250 ni sawasawa na kujumlisha 6. Ukibadilisha hatua iwe 12 ili upate karibu mawimbi mawili kwenye safu 40 za skrini, andika 244.

Kitufe

Nimejaribu 12 na 244, na yametulia vilevile. Limebaki dogo moja: nembo niliyoweka juu ya skrini inatikisika kulia na kushoto pamoja na maandishi.

Mzee wa Disketi

Rejista ya 53270, ambayo ndiyo inayosogeza pikseli 0 hadi 7, inahusu skrini nzima. Kama maandishi yako yamo katika mistari minne ya chini, weka katizo (ishara inayosimamisha prosesa kwa muda ifanye kazi nyingine) la kwanza kwenye mstari wa 218 wa mwale unaochora skrini, ambapo mwendo unaanza kutumika, na la pili kwenye mstari wa 251, ambapo rejista inarudishiwa 200. Nembo haitasogea tena.