Wazazi wamekuja kutembea: siku moja Estes Park

Swali

Habari zenu wapendwa. Wazazi wangu wamefika hapa Denver juzi, watakaa mwezi mzima. Jumamosi ijayo tunataka kuwapeleka Estes Park, mji wa milimani, tupande mlima kidogo kisha tukae mahali tule. Baba ana miaka 71 na miguu yake bado ina nguvu, mama ni wa mwendo wa taratibu. Watoto wameng'ang'ania ziwa la Emerald. Tupangeje?

Jibu la kwanza

Dada, hongera kwa ugeni, na wazazi wape shikamoo zangu.

Nianze na pesa. Tangu Januari 2026, kwenye hifadhi 11 za taifa, Rocky Mountain yenye ziwa la Emerald ikiwemo, asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida. Baba na mama tayari ni dola 200. Ninyi wakazi bebeni kitambulisho cha serikali chenye picha. Halafu msimu wa joto lazima ukate mapema kwenye tovuti ya Recreation.gov nafasi ya saa ya kuingia. Barabara ya Bear Lake, ya kwenda Emerald, haipitiki bila nafasi hiyo kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni.

Mimi ningewagawa. Wewe na watoto ondokeni Denver usiku bado, muwe Bear Lake kunapopambazuka. Pale mko mita 2,880 juu ya usawa wa bahari. Njia inaanzia hapo, inapita ziwa la Nymph lenye majani ya yungiyungi, halafu Dream, na Emerald liko mwisho, chini ya majabali, karibu kilomita 3 kwenda tu. Si njia ndefu, ila pumzi inakata mapema, hata kwa watoto waliozoea kukimbia. Waacheni wapumzike kila wanapotaka. Maji mengi, kofia, koti la mvua hata mbingu ikiwa haina wingu. Julai na Agosti mvua ya radi huanguka mchana karibu kila siku, kwa hiyo saa sita iwakute mmeshashuka.

Shemeji aje na wazazi baadaye, kwa gari la pili, moja kwa moja ziwa Estes. Liko mjini, nje ya hifadhi, halina kiingilio cha hifadhi. Njia yake ni ya lami, kilomita 6 hivi kulizunguka, na mama anaweza kugeuza popote. Milima yote anaiona akiwa chini, na mara nyingi kulungu wakubwa, elk, wanalisha hapo kando. Msiwasogelee kwa ajili ya picha, hasa Septemba madume yanapopigania majike.

Mkutane Elkhorn Avenue, mtaa mkuu wa mji, saa nane, umati wa chakula cha mchana ukiwa umepungua. Baga za nyama ya bison, nyati wa Marekani, zipo, na samaki trauti pia, kwa baba asiyetaka mkate. Bei haina bakshishi ndani yake. Weka asilimia 18 hadi 20. Baadaye tembeeni kando ya mto, polepole.

Jibu la pili

Naomba niongezee, mimi ni muuguzi. Kuna yeyote katika familia mwenye selimundu? Hata anayebeba kinasaba tu bila kuugua, mwinuko wa pale unaweza kumletea madhara kwenye wengu, na watu wetu wengi hawajawahi kupimwa. Maumivu makali ubavuni kushoto chini ya mbavu, msisubiri: shukeni, nendeni hospitali. Kwa wazee, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, dawa ya kwanza ni kushuka. Na bia waiache hadi mrudi Denver.

Aliyeuliza

Asanteni sana. Mdogo wangu wa kiume ana kinasaba hicho, na alikuwa apande na watoto. Nimemwambia.

Jibu la pili

Basi azungumze na daktari wake kabla ya Jumamosi. Asipompata, abaki ziwani na wazazi, lakini auangalie mwili wake hata huko, maana mji wenyewe uko mita 2,290. Maji anywe njiani kote, asisubiri kiu.