Mfuko wa saruji umekuwa mzito ghafla, kwa nini?

Hamali wa Gatini
Asalaam aleikum. Mimi ni hamali hapa Lamu, nashusha saruji majahazini. Mfuko ni kilo 50. Mwenzangu akinitwika begani, nabonyea magoti na kupanda papo hapo, mzigo waja wenyewe. Juzi nimebonyea, mtu akanisalimia, nikamjibu nikiwa chini vile vile. Kuinuka sasa! Mapaja yalitetemeka, vumbi la saruji likanimiminikia shingoni likachanganyika na jasho, mpaka leo najikuna. Mfuko ule ule, mtu yule yule. Kilichonitoka mwilini ni nini, kwa salamu moja tu?

Mnyoosha Viungo, Malindi
Waaleikum salaam kaka. Ni manati hiyo. Unapobonyea, misuli ya mapaja imekaza huku inavutwa, na kano zinazoifunga mfupani zinanyumbuka kama mpira. Ukipanda hapo hapo, mpira unarudi na kukusukuma. Ila manati hii mpira wake umeshikwa na msuli, na msuli ukikaa hulegea kidogo kidogo, nguvu uliyoiweka ikaishia kuwa joto. Waliowapima wanyanyua vyuma walikuta karibu nusu imepotea kwa kungoja sekunde moja. Salamu zetu za pwani unajua zilivyo ndefu: habari za nyumbani, watoto, mzee… Pia msuli ukivutwa ghafla, uti wa mgongo huuamuru ukaze zaidi. Ukitulia, amri hiyo nayo inapita.

Kijana wa Shela
Kumbe! Ndiyo maana nikija mjini kwa mchangani nafika nimekwisha, na kwenye sakafu ngumu sisikii kitu?

Mnyoosha Viungo, Malindi
Karibu na hayo. Mchanga unadidimia, nguvu yako inabaki humo. Kutembea kwenye mchanga laini hula zaidi ya mara mbili ya nguvu ya njia ngumu. Ukikimbia penye ugumu, kano ya kisigino, nene kuliko zote mwilini, hukurudishia karibu theluthi ya nguvu ya kila hatua. Pita maji yakitoka, pale mchanga ulipokaza.

Hamali wa Gatini
Ahsante dada. Leo nimemtazama mzee wetu gatini, ana miaka sitini na kitu. Hushuka upana wa kiganja tu, halafu juu. Na akiitwa haitiki mpaka mfuko umekaa mkokotenini.