UZI WA HASIRA: Nimefika mpaka Alaska naambiwa "dada sogea, unaziba barafu"

Binti_Chumbageni

Wakuu, habari zenu. Zangu mbaya. Naandika nikiwa bado melini, intaneti ya humu nimeinunua kwa bei ya kiwanja cha Pongwe, makusudi kabisa, ili hasira zisije zikapoa kabla sijafika nchi kavu.

Simtaji. Mnamjua. Yule yule mwenye grupu la WhatsApp la safari za Wabongo wa huku, mwenye kofia nyekundu, anayeanza kila ujumbe na "Wapendwa wasafiri" na kuumalizia na namba ya kutuma hela. Kama humjui basi Marekani umepita tu, hujaishi.

Sasa nisikilizeni. Tuko Glacier Bay. Kwa ambao hawajafika, ile ni hifadhi ya taifa, meli kubwa haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku. Askari wa hifadhi wanakuja na boti ndogo, wanapandia njiani, wanashika kipaza sauti na kuanza kusomesha. Meli inajongea mpaka mbele ya ukuta wa barafu unaoitwa Margerie, inatulia, na watu wote mliokuwa mnagombania soseji kwenye bafe mnanyamaza kimya. Baridi inatafuna masikio. Mnasubiri kipande kikatike kidondoke baharini, ndicho mlicholipia.

Mimi niliwahi. Niliamka giza halijaisha, nikavaa soksi juu ya soksi, nikashika reli ya mbele kabisa na flaski yangu ya chai ya tangawizi. Barafu imeshaanza kualika kwa ndani, unaisikia pa! pa! Roho iko mkononi. Mara, katikati ya ukimya ule, nyuma yangu:

"Dada, hebu sogea kidogo, unaziba barafu."

NINAZIBA. BARAFU.

Jamani ule ukuta una upana wa maili nzima! Kilomita moja na nusu na zaidi! Juu ya maji pekee umepanda mita sabini na kitu, askari ametoka kulisema hilo kwenye spika muda huo huo na kila mwenye masikio amelisikia. Halafu mimi, mwanamke mmoja wa Tanga mwenye jaketi, nimeuziba. Wote. Kuanzia kushoto hadi kulia, pamoja na milima ya nyuma.

Nikageuka nimpe yake. Ile nageuka tu, watu "Oooooh!" Kipande kimeshuka. Na ule mngurumo unachelewa, ukiusikia ujue barafu iko majini zamani. Nilichokiona mimi cha Glacier Bay nimekionea kwenye miwani yake ya jua. Hela yote ile, nauli ya Seattle, chumba, bakshishi, nimetazama barafu ikianguka kwenye miwani ya mtu!

Pembeni kuna bibi mmoja wa Kizungu, hata "jambo" halijui, naye akacheka. Bibi, umecheka nini?

Na huyo ndiye mshauri wetu wa matembezi. Ndiye aliyesema Julai ni kiangazi tubebe kaptura. Ketchikan, mji unaopata mvua zaidi ya mita tatu na nusu kwa mwaka, tumeshuka na kaptura. Tulipofika mji wa Juneau akatuuzia "ziara maalumu" ya kwenda kuona barafu ya Mendenhall, kumbe mabasi ya huko yanauza tiketi hapo hapo gatini, na ukifika njia ya kwenda maporomoko ya Nugget unaitembea kwa miguu yako mwenyewe bila kiongozi wala filimbi. Yeye filimbi anayo. Alitupanga mstari kama watoto wa chekechea. Bandari ya Skagway ndiyo kabisa, akasema pasi za kusafiria acheni melini, wakati waliokata safari ya kupanda na treni ya White Pass na kurudi na basi wanaingia Kanada. Waliachwa stesheni wanaipungia mkono treni.

Hayo yote nasamehe. Kaptura nasamehe, filimbi nasamehe. Unaziba barafu sisamehi. Na usiku ameiweka video kwenye grupu. Mgongo wangu na sauti yake. "Unaziba barafu." Watu mia na kitu wameweka kicheko.

Nisemeeni jamani.

---

Mzee_wa_Kitochi

Uzi bila picha ni umbea. Weka video tuone kama uliziba au hukuziba, haki itendeke.

---

KakaMkubwa_Maryland

Pole sana dada. Jaketi lilikuwa rangi gani?

---

Binti_Chumbageni

Chungwa. Linahusiana vipi?

---

KakaMkubwa_Maryland

Basi ni wewe. Video imeshafika mpaka kwenye grupu letu la michango ya misiba. Kusema ukweli upande wa kushoto barafu inaonekana kidogo.

---

Ngosha_wa_Minnesota

Kaka 😂😂 nimemwaga uji.

Ila huyo jamaa namjua na nina kesi kubwa kuliko hii. Mwaka jana tulimlipa hela ya helikopta, ile ya Juneau inayokushusha juu ya barafu unatembea na viatu vya meno. Siku yenyewe ukungu umeshuka, ndege zote zimefutwa. Hali ya hewa ikifuta safari, wenye helikopta wanarudisha hela. Zangu zilirudi, tatizo zilirudi KWAKE. Kila nikimpigia yuko kwenye mkutano. Mtu wa kofia nyekundu ana mikutano gani? Wadogo zangu, helikopta na ndege za kutua majini kateni wenyewe, kwa kadi zenu.

---

Shangazi_Tacoma

Binti yangu, pole, lakini ulikimbilia nini mbele? Meli ikifika pale Margerie inageuzwa taratibu, kila upande unapata zamu yake. Mimi hukaa kwenye balkoni ya chumba changu na khanga zangu mabegani, natazama nimekaa. Hakuna wa kuniambia sogea, labda mume wangu, na yeye hathubutu.

Mwenye kunikera mimi ni huyu wa bakshishi. Wanakata wenyewe kila siku, kwa kila kichwa, hata kitoto kinachonyonya. Mjukuu wangu ametoa bakshishi kuliko babu yake tangu azaliwe. Halafu ukishuka Juneau, Ketchikan, popote, unatafuta kofia ya sufu unakutana na maduka ya almasi yamepangana. Nani alisema watu waliokuja kuona dubu wanataka almasi? Wenyeji nao wamechoka, Juneau tangu 2024 wamezuia meli kubwa zisizidi tano kwa siku, na hizo tano tu ukishuka huoni lami.

---

Msafiri_Mpya_2 (amejiunga leo)

Wapendwa, tuwe wastaarabu. Huyo kiongozi mnayemsema ana mazuri yake mengi. Kwenye nyangumi alishauri vizuri sana, kwamba boti zikatwe Juneau zinazotokea Auke Bay. Nyangumi wenye nundu wanapitisha majira ya baridi Hawaii wakizaa, kiangazi wanakuja Alaska kula, ndiyo maana kuwakosa ni nadra. Tulipowaona wanazungushia samaki mapovu kisha wanaibuka kwa pamoja midomo wazi, watu walilia. Pia suala la kuziba lilisemwa kwa upendo.

---

Binti_Chumbageni

"Wapendwa"????

Umejiunga LEO. Vua kofia tuzungumze.

---

Mzee_wa_Kitochi

😂😂😂 Mods angalieni huyu anatumia simu gani. Nimekaa pale nasubiri.

---

Tisha_Toto

Naomba niulize swali nje ya mada. Kwa nini meli za kutoka Seattle zinasimama Victoria, ule mji wa Kanada, saa mbili usiku, maduka yamefungwa, bustani za maua hazionekani? Wanatutania?

---

Msomi_Asiye_na_Cheti

Si utani, ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886. Meli hizi karibu zote zimeandikishwa nchi nyingine, na chombo chenye bendera ya kigeni hakiruhusiwi kuchukua abiria Seattle, kikawazungusha bandari za Marekani tupu na kuwarudisha Seattle. Lazima kiguse nchi ya nje. Kwa hiyo wanaigusa Kanada kidole kimoja, sheria imetimia, wanaondoka. Ukitaka kuepuka panda meli inayoanzia Vancouver, huko huko Kanada.

---

Dogo_wa_Houston

Hiyo "kugusa kidole" ndiyo iliyonimaliza. Niliambiwa na mtu mmoja, nadhani ni huyo huyo wenu, kwamba visa ya Kanada haihitajiki "ukiwa majini". Pasi yangu ya Tanzania, visa ya Marekani ninayo, nimefika kaunta bandarini Seattle na begi jipya. Yule dada akaniuliza visa ya Kanada iko wapi. Nikamjibu mimi niko majini. Akaniangalia.

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikaiona meli inaondoka na muziki. Sasa wewe dada umeziba barafu, angalau ulikuwepo pa kuziba!

---

KakaMkubwa_Maryland

"Mimi niko majini" 😂😂 dogo umenimaliza.

Kwa faida ya wengine, wenye green card tangu 2022 visa ya Kanada hawahitaji, ila beba kadi NA pasi ya nchi yako iliyo hai. Wenye visa ya Marekani peke yake ombeni ya Kanada mapema, msimsikilize mtu wa majini.

---

Mkenya_Mpole

Nyinyi Wabongo mko na shida ndogo ndogo sana. Sisi tuliachwa Ketchikan.

Simu yangu ilijibadilisha ikashika saa ya Alaska, ambayo iko nyuma ya Seattle kwa saa moja. Meli yetu ilikuwa imebaki na saa ya Seattle. Nikaona niko na wakati mwingi, nikaenda pole pole hadi Creek Street kuangalia samaki wakipanda mto. Mke wangu akaniuliza mara mbili kama niko na uhakika. Nikamwambia simu haiwezi danganya.

Kurudi bandarini, hakuna meli. Na Ketchikan hakuna barabara ya kutoka, ni kisiwa. Uwanja wa ndege nao uko kisiwa kingine! Unavuka na feri! Wale waliochelewa na ziara ya meli yenyewe waliwangoja, sisi wa kujitembeza tuliambiwa pole. Mke wangu hajaniongelesha hadi Seattle.

---

Ngosha_wa_Minnesota

Mkenya hata kuachwa na meli mnataka kutushinda?

---

Mkenya_Mpole

Si kushinda bro, ni ukweli. Na bakshishi walikata hata hizo siku sikuwa ndani.

---

Ustadhi_Columbus

Assalaam aleikum. Mimi sina ugomvi na binadamu, nina ugomvi na jua la kule. Mwezi Juni Juneau linazama saa nne usiku imeshapita, na kabla ya saa kumi alfajiri linachomoza tena, na katikati hapo giza lenyewe halikolei. Nikauliza kwenye grupu Isha tunaiswali vipi. Kiongozi wenu akanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba, ndugu zangu, kwenye suala la ibada.

---

Binti_Chumbageni

Mnaona? MNAONA? Hana heshima kwa mtu wala kwa sala. Turudi kwenye mada, nilikuwa nimesimama pale kwenye reli...

---

Shangazi_Tacoma

Ustadhi, na chakula je? Mimi sikuona halali humo zaidi ya samaki na mboga. Nimekula samoni asubuhi, mchana, usiku.

---

Ustadhi_Columbus

Hivyo hivyo shangazi. Samoni wa kuchoma, samoni wa moshi, samoni mbichi amewekewa limau anakutazama. Hakuna pilipili, hakuna ukwaju. Siku ya mwisho nilimuona hata ndotoni.

---

Ngosha_wa_Minnesota

Samoni si samaki wa kumfananisha na sato. Nyama yake ina mafuta mpaka unasikia usingizi. Sato wa Mwanza akikaangwa na nyanya na kitunguu, ugali wa dona pembeni, nani anakumbuka samoni?

---

Mkenya_Mpole

Sato wa Mwanza? Huyo si ni ngege wetu wa Kisumu, ziwa ni lile lile tu.

---

Mzee_wa_Kitochi

Haya sasa yameanza. Ziwa lile lile ila upande wetu ndio mkubwa, kachukue ramani.

---

Ngosha_wa_Minnesota

Kisumu mnakula magugu maji na harufu ya samaki.

---

Binti_Chumbageni

Jamani, BARAFU.

---

Dogo_wa_Houston

Dada subiri kwanza. Ngosha, Houston sato halisi anapatikana wapi? Huyu tunayeuziwa huku kwenye friza ladha yake ni karatasi.

---

Shangazi_Tacoma

Usimnunue wa vipande, nunua mzima mwenye kichwa, mpake chumvi na ndimu, mwache mpaka atoe maji. Nitaanzisha uzi wake kule jukwaa la Mapishi, njooni huko, hapa kuna kelele.

---

Mkenya_Mpole

Nakuja shangazi. Ngege anahitaji mtetezi.