Shule ya kutwa inataka binti yangu aondoke kabla ya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, "asishushe wastani" wa shule

Wazazi wenzangu wa Nairobi, jana nilikuwa kwenye mkutano shuleni na usiku sikupata usingizi. Shule ni ndogo, ya serikali, ya kutwa, upande wa Mukuru. Jina silitaji kwa sababu mtoto bado yumo humo na nataka abaki humo humo.

Mkutano ulipoisha, naibu wa mwalimu mkuu aliniita kando. Ameshika karatasi ya majina ya Kidato cha Tatu, mengine yamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. La binti yangu ni la saba. Akaniambia, "Mama, huyu atatushusha. Mtafutie shule nyingine kabla usajili wa mtihani haujafika, ama arudie darasa."

Arudie darasa lipi? Hawa ndio watoto wa KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya 2023. Nyuma yao hakuna Kidato cha Pili. Kuna Gredi ya 10, iliyoanza Januari mwaka huu kwa mtaala mwingine kabisa. KCSE yao ya 2027 ndiyo inayofunga 8-4-4, mtaala wa zamani. Mwalimu anayajua haya kuliko mimi ninayeuza mboga. Kumwambia mtoto huyu arudie ni kumwambia akae nyumbani. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kurudishwa nyuma darasa. Nilipoitaja, akakunja karatasi.

Sasa huo wastani wenyewe. Tuliambiwa mbele ya wazazi wote kwamba shule "imeanguka" kwa pointi 0.2, na watoto wakasemwa kuwa wavivu. Nilifika nyumbani nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Chukua shule yenye watahiniwa 40. Wanne wakipata D+ badala ya C, kila mmoja amepoteza pointi mbili, jumla nane, gawanya kwa 40: hiyo ndiyo 0.2 yenu. Wanne hao hao wakiwa kwenye shule ya watahiniwa 400, wastani unasogea kwa 0.02 na hakuna anayeitwa mkutanoni. Mmoja akiugua malaria wiki ya mtihani, shule ndogo "imeanguka". Kwa nini mwenye kalamu nyekundu hakutufafanulia hivyo?

Na hao wanne ni akina nani? Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Serikali ilisema kila mtoto aliyefanya KCPE aende sekondari, na ni sawa kabisa. Lakini wa alama 400 kwa 500 walichukuliwa na shule za kitaifa, na sisi wa kutwa tukapokea wa 180 na wa 210. Darasani mwa binti yangu kuna mvulana anayebeba mizigo soko la Gikomba kila Jumamosi ili mama yake alipe kodi. Kuna waliohamia katikati ya muhula kwa sababu landilodi alifunga mlango. Wengi wanarudi kwenye chumba kimoja cha mabati, watu sita, na stima ikipotea ndiyo imepotea.

Binti yangu alikuwa Kidato cha Kwanza mafuriko ya 2024 yalipokuja. Maji ya Mto Ngong yaliingia usiku tukatoka na godoro moja. Kisha Mei nyumba ikabomolewa kwa kuwa iko ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Kitabu chake cha jiografia tulikianika karibu na jiko, kurasa zikashikana, akazitenganisha moja moja kwa kisu cha jikoni. Mpaka leo anakitumia, kimevimba kama mkate. Muhula ule alikosa wiki nyingi, na hisabati haijawahi kukaa sawa tangu hapo. Huyo ndiye mvivu.

Siwalaumu walimu wote. Mwalimu wake wa hisabati ameajiriwa na bodi ya shule, si TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu; mshahara wake unategemea pesa zetu wazazi na huchelewa, na bado hubaki na watoto mpaka jioni. Najua pia kinachomsukuma mwalimu mkuu. Pesa za serikali hufuata vichwa: shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hiyo ni ya kwenye karatasi, na haiji yote wala haiji kwa wakati. Shule ya watoto 160 inalipa mlinzi, maji na stima kama ya watoto elfu, tena Gredi ya 10 wamekuja wachache, kwa hiyo anataka wastani mzuri wa kuwavutia wengine. Basi aende wizarani akadai pesa. Asiniletee mimi karatasi ya kumtoa mtoto wangu.

Nimemwomba yule naibu anipe maneno yake kwa barua yenye muhuri. Amekataa.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nitakuwa langoni na binti yangu akiwa na sare. Niliona majina kumi na moja kwenye ile karatasi. Kama wewe ni mzazi wa mmoja wao na umeambiwa kimya kimya utafute shule nyingine, usihamishe mtoto. Njoo tusimame pamoja, na uje na nakala ya risiti zako za karo.