Dozi ya thairoidi baada ya kujifungua: inashushwa lini na inapimwaje?

Zuhura_M

Habari zenu wapendwa. Naomba ufafanuzi kwa wanaolijua jambo hili. Mdogo wangu ana thairoidi (tezi ya shingoni) iliyopungua nguvu, aligundulika miaka kabla ya kupata ujauzito. Alikuwa anameza levothairoksini (dawa ya homoni ya tezi) maikrogramu 75 kwa siku, mimba ilipoingia akapandishwa hadi 100. Sasa yuko wiki ya tatu tangu ajifungue, ananyonyesha, bado yuko kwenye 100 na hakuna aliyemwambia arudi chini au abaki hapo. Anachoka mno, na mara kwa mara moyo unamwenda mbio. Alipotoka wodini alipewa vidonge vya madini ya chuma, na anavimeza pamoja na dawa ya tezi asubuhi ili asisahau.

Maswali: dozi ishushwe lini? Apime nini na wiki ya ngapi? Na je, dawa hii inapita kwenye maziwa ikamdhuru mtoto?

Muuguzi_Homoni

Dada Zuhura, kwa aliyekuwa anatumia dawa kabla ya ujauzito, kawaida dozi hurudishwa ya zamani mara tu baada ya kujifungua, bila kusubiri wiki ya sita. Wakati wa ujauzito mwili unahitaji homoni zaidi kwa sababu estrojeni (homoni ya kike) inaongeza protini zinazoishika homoni kwenye damu, na kondo la nyuma nalo linaivunja sehemu yake. Kondo likishatoka, hitaji hilo linashuka. Akiendelea na dozi ya ujauzito, homoni inazidi taratibu, na dalili zake ndizo hizo: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala.

Lakini asikimbilie kupunguza mwenyewe leo, kwa sababu hapo kuna mambo mawili yanayovutana. Chuma kinaishika levothairoksini tumboni na kuizuia isifyonzwe vizuri. Kwa hiyo ile 100 anayomeza huenda haiingii yote. Akitenganisha dawa hizo mbili na kubaki na 100, homoni itazidi kuliko sasa. Akishuka hadi 75 huku chuma kikiendelea kuizuia, baada ya wiki kadhaa atakuwa na upungufu. Mabadiliko yote mawili yafanyike siku moja, kwa maelekezo ya daktari wake, halafu hesabu ya wiki za kupima ianzie hapo.

Kuhusu kipimo: levothairoksini inapungua nusu mwilini kwa takriban siku 7, na TSH (homoni ya kichwani inayoiamuru tezi, hupanda homoni ya tezi ikipungua na kushuka ikizidi) inachukua wiki 6 hivi kutulia baada ya dozi kubadilika. TSH ya wiki ya tatu peke yake inaweza kumpotosha mtu. Ila kwa kuwa moyo unamsumbua, mwombeni daktari apime sasa TSH pamoja na T4 huru (homoni yenyewe ya tezi iliyo kwenye damu), na aongeze kipimo cha wingi wa damu na ferritini (akiba ya chuma mwilini). Moyo kwenda mbio kwa mama aliyetoka kujifungua mara nyingi ni upungufu wa damu, na watu wanaisingizia tezi. Akipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuzirai, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri majibu ya homoni.

Mfamasia_Salha

Naongezea upande wa kumeza, maana hapo ndipo matibabu ya wengi yanapoharibikia.

Kidonge cha tezi kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kahawa. Chuma, kalsiamu, vitamini za mama anayenyonyesha (nyingi zina chuma na kalsiamu ndani yake) na dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu zikae mbali kwa saa 4. Maziwa na soya visiambatane na kidonge. Omeprazoli na jamaa zake ni tatizo la namna nyingine: zinapunguza asidi ya tumbo, kidonge hakiyeyuki sawasawa, na kuzitenganisha kwa saa hakusaidii sana. Aliyeanza kuzitumia aseme, TSH irudiwe.

Kwa mwenye mtoto mchanga, asubuhi tulivu haipo. Njia inayofanya kazi vizuri ni kumeza usiku wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho, na chuma kikabaki cha mchana. Mwingine anaona nafuu kumeza alfajiri anapoamka kunyonyesha, kisha akarudi kulala. Zote ni sawa. La muhimu achague moja na aishike, kwa sababu dozi inapangwa kulingana na jinsi dawa inavyofyonzwa kwa mazoea hayo. Kuhama kutoka asubuhi kwenda usiku si kosa, ila amjulishe daktari ili kipimo kinachofuata kisomwe hivyo.

Awe na kisanduku cha vidonge cha siku 7, lakini ajaze cha wiki moja tu. Vingine vibaki kwenye pakiti yake, mbali na mwanga, joto na unyevu. Dirisha la jikoni na bafu si mahali pake. Kisanduku kinaonyesha kidonge kilichosahaulika, jambo ambalo kichwa kisicho na usingizi hakiwezi kukumbuka. Akikuta cha leo mchana bado kipo, ameze pale tumbo litakapokuwa tupu. Akigundua kesho yake, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, madaktari wengi huruhusu kumeza viwili siku hiyo, lakini kwa mwenye tatizo la moyo hapana mpaka aulize.

Kama zahanati ina vidonge vya 50 tu na dozi ni 75, anaweza kuandikiwa kimoja na nusu kila siku, au 50 na 100 kwa kupokezana siku. Mwili unaona wastani. Akivunja, avunje penye mstari, na nusu iliyobaki itumike kesho yake.

Biotini (vitamini B7) nayo ina madhara yake. Ipo kwa wingi kwenye vidonge vya nywele na kucha, na kina mama huvikimbilia nywele zinapoanza kukatika mwezi wa tatu au wa nne. Kwenye mashine nyingi za maabara biotini inaishusha TSH kwa uongo na kuipandisha T4 kwa uongo, majibu yanasomeka kama homoni imezidi, na dozi inapunguzwa bila sababu. Aiache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu. Na siku ya kipimo atoe damu kwanza, ameze kidonge baadaye, kwa sababu T4 huru hupanda kwa saa chache baada ya kumeza.

Zuhura_M

Ahsanteni sana. Daktari amemrudisha 75 na chuma kimehamia mchana. Damu iko chini kidogo, T4 huru iko juu ya kiwango kidogo. Ameambiwa apime tena baada ya wiki 6. Je, hiyo ikitoka nzuri amemaliza? Na lile la maziwa halijajibiwa.

Muuguzi_Homoni

Niwie radhi kwa la maziwa. Levothairoksini ni homoni ile ile ambayo tezi hutengeneza. Inapita kwenye maziwa kidogo sana, haimdhuru mtoto wala haibadilishi homoni zake, na haina sababu ya kumwachisha. Kinyume chake, upungufu usiotibiwa unaweza kupunguza maziwa. Kinachomhusu mtoto zaidi ni madini joto (ayodini), ambayo tezi hutumia kutengeneza homoni: mama anayenyonyesha anahitaji takriban maikrogramu 250 kwa siku kutoka vyanzo vyote, kwa sababu mtoto anategemea maziwa kuyapata, na kidonge cha tezi hakihesabiki hapo. Chumvi yenye madini joto inasaidia. Vidonge vya mwani aviepuke; kiasi chake hakitabiriki, na madini joto yakizidi nayo huivuruga tezi.

Kipimo kimoja hakitoshi, hata kikitoka kizuri. Chanzo cha kawaida cha tezi kupungua nguvu ni kinga ya mwili kuishambulia tezi. Wakati wa ujauzito kinga hiyo hutulia, kisha ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua huamka kwa nguvu. Ndiyo maana wengine huishia kuhitaji dozi kubwa kuliko ya kabla ya mimba. Baada ya hiki cha wiki 6, arudie kila miezi 2 au 3 hadi mtoto atimize mwaka, na kila mara dozi ikibadilika wiki 6 zihesabiwe upya. Kwa asiye na matatizo mengine, TSH kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L ndiyo inayotafutwa, ila asome kiwango kilichoandikwa kando ya majibu yake, maana maabara hutofautiana.

Dkt_Tezi

Kwa wasomaji ambao hawakuwa na ugonjwa kabla ya mimba: upo uvimbe wa tezi unaokuja baada ya kujifungua, usio na maumivu. Huwapata takriban wanawake 5 kati ya 100. Mwanzoni, mwezi wa 1 hadi wa 6, tezi iliyojeruhiwa humwaga homoni iliyokuwa imehifadhi, ndipo moyo unakwenda mbio. Baadaye, mwezi wa 3 hadi wa 12, ghala linakuwa tupu: uchovu, baridi, choo kigumu, ngozi kavu, huzuni. Wengi hupona ndani ya mwaka. Mwenye kingamwili za TPO (zinazoonyesha kinga ya mwili inaishambulia tezi) mapema kwenye ujauzito ana uwezekano wa kati ya thuluthi na nusu wa kuupata, hivyo asisubiri dalili, apime TSH.

Kosa ninalolihofia ni kumpa dawa za kuzima tezi mama aliye kwenye hatua ya kwanza. Hapo tezi haitengenezi kupita kiasi, inavuja tu, na dawa hizo hazifanyi kitu. Dalili zikisumbua, propranololi (dawa ya kutuliza mapigo ya moyo) kwa muda mfupi inatosha na kunyonyesha kunaendelea. Kinachotenganisha hali hii na ugonjwa wa Graves (ambapo tezi hutengeneza homoni kupita kiasi) ni kingamwili za TRAb zinazoichochea tezi, macho kutokeza, na uvimbe wa shingo unaovuma chini ya kipimo cha daktari. Skani ya madini joto yenye mionzi, namba 131, hafanyiwi anayenyonyesha.

Hatua ya pili ikihitaji levothairoksini, baada ya miezi 6 hadi 12 dozi hupunguzwa taratibu ili kuona kama tezi imeamka. Haipunguzwi akiwa mjamzito, ananyonyesha au anatafuta mimba. Hata aliyepona apime TSH kila mwaka, kwani baadhi hurudi kwenye upungufu wa kudumu.

Na mama aliyevuja damu nyingi sana akijifungua, maziwa hayakutoka, hedhi hairudi na presha iko chini, asipimwe TSH pekee. Pituitari (tezi ya kichwani inayotoa TSH) yenyewe inaweza kuwa imeumia, TSH ikasomeka ya kawaida huku T4 iko chini. Huyo apimwe kortisoli (homoni ya tezi za juu ya figo) na atibiwe upungufu wake kwanza. Kumwanzishia levothairoksini kabla ya hapo kunaweza kumwangusha vibaya.

Mfamasia_Salha

Zuhura, mdogo wako akianza uzazi wa mpango, vidonge vyenye estrojeni huongeza zile protini zilizotajwa juu, basi TSH irudiwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza. Vyenye projestini pekee havina shida hiyo. Akitaka mtoto mwingine, TSH iwe chini ya 2.5 kabla ya kushika mimba, na akubaliane mapema na daktari kwamba siku kipimo cha mimba kikionyesha ndiyo, ataongeza vidonge 2 kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, kisha aende kupima.

Zuhura_M

Nimeyaandika yote kwenye daftari lake la kliniki, pamoja na tarehe ya dozi kubadilika. Mungu awabariki.