Rada: mvua au theluji juu ya Rwenzori?

Kasese_Mawingu
Habari zenu ndugu. Nasoma picha za rada kwa ajili ya waongoza wapanda mlima. Naona duara la 40 hadi 45 dBZ (kipimo cha nguvu ya mwangwi) limeizunguka rada kwa umbali uleule pande zote, ilhali walio chini yake wanapata manyunyu tu. Je, hiyo ni theluji? Na kwenye kilele cha Margherita nitajuaje kinachoanguka?

FundiRada
Ni theluji inayoyeyuka angani, ndugu. Kwetu kwenye ikweta nyuzi 0 za joto huwa kwenye mita 4,700 hivi. Chembe zikishuka chini ya hapo huvaa utando wa maji, na rada huziona kama matone makubwa mno. Zikishayeyuka kabisa husinyaa na kuanguka kwa kasi, mwangwi unapungua.

Kwa hiyo usiamue kwa dBZ peke yake. Kama rada inatuma mawimbi ya wima na ya mlalo, fungua ZDR (tofauti ya nguvu kati ya mwangwi wa mlalo na wa wima) na RhoHV (jinsi miangwi hiyo miwili inavyofanana, 1 ikiwa sawasawa). Mvua huwa na RhoHV ya 0.98 na zaidi, na ZDR hupanda pamoja na dBZ kwa sababu matone makubwa hubapa. Theluji kavu nayo ina RhoHV ya juu, ila ZDR yake iko karibu na 0. Inayoyeyuka huishusha RhoHV hadi 0.80–0.95, na hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. ZDR karibu na 0 pamoja na dBZ zaidi ya 55 ni mvua ya mawe.

Mbarara_Anga
Kabla ya kusoma rangi za picha, piga hesabu ya kimo cha mwale wa rada, kwa mita. Umbali wa kilomita uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa 17. Ongeza umbali mara 17.5 kwa kila nyuzi 1 ya pembe ambayo rada imeinuliwa, kisha mwinuko wa rada. Rada ikiwa mita 1,450, kilomita 140 kutoka Margherita, pembe nyuzi 1: 1,153 + 2,450 + 1,450, yaani mita 5,050 hivi. Kilele ni mita 5,109. Lakini mwale wa upana wa nyuzi 1 umeshatanuka hadi kilomita 2.4 hapo, basi unachanganya theluji ya juu na mvua ya chini katika kipimo kimoja. Ukitumia rada iliyo Entebbe, hata kwa nusu nyuzi mwale unapita kilomita 3 juu ya kilele.

Kasese_Mawingu
Na RhoHV ikishuka palepale mlimani?

FundiRada
Tazama kasi ya Doppler, yaani kasi ya kitu kuikaribia au kuiacha rada. Ikiwa 0 na mwangwi hausogei picha hadi picha, ni mwamba.